Mwongeaji wa Mangobo

Tulijiandikisha jeshini siku moja, mimi na yeye, na kabla ya siku hiyo hatukuwa tunajuana. Mimi ni mtoto wa maporomoko. Nyumba yetu ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba kuta zilitetemeka msimu wa mvua. Baba na wajomba zangu walifanya kazi juu ya miti iliyosimikwa kati ya mawe, wakishusha mitego mikubwa ya fito na kuipandisha. Pale sauti ya mtu haifiki popote, kwa hiyo waliongea kwa mikono. Mkono ukiinuliwa, vuta. Kiganja kikielekea chini, ngoja kwanza. Nilikua nikidhani hivyo ndivyo wanaume wanavyozungumza. Hata nyumbani, wakati wa kula, baba yangu aliomba chumvi kwa kidole.

Yeye alikuwa mtu wa Mangobo, upande mwingine wa mji. Mama yake aliuza kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki wa kukausha sokoni, na yeye alibeba abiria kwa baiskeli, kazi ambayo sisi Kisangani tunaiita toleka. Kuna abiria waliomsubiri yeye tu, wakawaacha wengine wapite. Alianza hadithi mtu anapokaa kwenye kiti cha nyuma, na kama njia ilikuwa fupi kuliko hadithi, alizungukia barabara nyingine mpaka iishe.

Asubuhi ya kujiandikisha mvua ilikuwa inanyesha na foleni haisogei. Alisimama nyuma yangu. Kabla hatujafika mezani nilikuwa nimeshajua baba yake alikufa kwa ugonjwa gani, dada yake ameolewa na nani kule Yangambi, na kwa nini mchungaji wao hagusi kambare. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

"Ndeko," aliniambia mwishowe, yaani ndugu, "weye uko bubu ao nakuchosha tu?"

"Nakusikia," nikasema.

"Bon. Mutu wa kusikia, ndiye ule nilikuwa natafuta."

Vita vilikuwa mashariki, na kila ukoo wa mji wetu ulikuwa na jamaa aliyefika kwa miguu akiwa na godoro kichwani. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na diploma yangu ya serikali ilikuwa imelala ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge. Baba alitaka nichukue nafasi yake kwenye miti ya maporomoko. Nilipomwambia nimejiandikisha, alininyooshea kidole, akaunyooshea mto, kisha akageuza kiganja juu, kama mtu anayeuliza. Nilishika begi langu nikaondoka, na mama akanisindikiza mpaka barabarani akilia bila kelele.

Kambi ya mafunzo ilikuwa mbali, kaskazini, ndani ya msitu. Miezi ya kwanza tulikimbia, tulibeba magogo, tulilala tukiwa tumelowa, kama kuruta wa popote. Kisha akaja kapiteni mmoja mwembamba aliyetafuna makasu, zile kokwa chungu za kola, siku nzima, akitafuta watu wa kikosi cha upelelezi. Zoezi lake lilikuwa jepesi kulieleza: kuna mlinzi amekaa chini ya mti, na kazi yako ni kumkaribia bila kuonekana. Mimi nilifika mpaka nikagusa buti la mlinzi. Mwenzangu alikamatwa njiani, kwa sababu alikuta chura amekaa juu ya kofia ya mtu aliyejificha, akashindwa kuzuia kicheko.

Siku ya pili kapiteni alitupeleka kwenye soko la kijiji jirani tukiwa na nguo za kiraia, akatuagiza tumletee habari. Mimi nilirudi na idadi ya njia zinazoingia sokoni na hali ya daraja. Mwenzangu alirudi jioni akiwa amebeba ndizi alizopewa na watu, na alijua nani amemkosea chifu, pikipiki za wageni hujificha wapi, na mke wa nani amehama bila kuaga. Kapiteni alitema maganda ya makasu akasema, "Huyu ana macho. Yule ana mdomo. Nawachukua wote wawili."

Ndivyo tulivyoingia kwenye kazi ile. Watu wakisikia kikosi maalumu wanafikiri ni kupiga na kupigwa. Sehemu kubwa ya maisha yetu ilikuwa kukaa. Tulikaa ndani ya majani tukitazama njia, kijiji, kambi, mchana mzima na mchana wa pili, tukijifunza ni nani anaamka kwanza na nani ana kiatu kimoja kibovu. Hatukuoga kwa sabuni kabla ya kutoka, kwa kuwa sabuni inanuka mbali. Samaki wa moshi tulikatazwa. Tulikula unga wa muhogo uliochanganywa na maji baridi. Tulijifunza kukohoa ndani ya kwapa, kukojoa bila mlio, kuweka mguu chini kuanzia ukingo wa nje wa wayo kwa namna ambayo mpaka leo mke wangu hulalamika kwamba naingia jikoni kama mwizi.

Mimi sikupata shida na ukimya. Kwa mwenzangu ilikuwa kama kumkata kiungo. Alizungumza usingizini. Alizungumza akiwa na homa. Kapiteni alimpa kipande cha kitambaa cha kijani, akamwambia akikunje na kukiuma kila tukiwa kazini, mpaka mdomo uzoee. Nikaongeza kumfundisha mikono ya maporomoko, ile ya baba na wajomba. Aliishika haraka kuliko nilivyotegemea, na kikosi kizima kikaanza kuitumia. Wakati mwingine, tukiwa tumelala kwenye matope, nilimwona akinitania kwa vidole mpaka nikauma mkono wangu nisicheke.

Mambo yakaenda. Tukawa makoplo. Kwa ajili ya diploma yangu nikapelekwa shule ya maofisa, kusini, ambako ardhi ni nyekundu na baridi ya asubuhi inauma masikio. Nilirudi luteni-usu. Yeye alikuwa sajenti. Mbele ya wanajeshi alinipigia saluti ya kunyooka kabisa, na tulipobaki wawili akasema, "Mon lieutenant, hiyo nyota yako iko nalala upande. Njoo nikutengenezee." Niliomba awe kwenye timu yangu. Walikubali.

Likizo tulikuja Kisangani pamoja. Kwanza tulipita kwetu, baba yangu akatutazama kutoka juu mpaka chini na kutukabidhi kamba tumsaidie kuvuta. Halafu tulienda Mangobo. Mama yake alipika pondu, yaani kisamvu, na liboke, samaki waliofungwa ndani ya majani, majirani wakajaa uani na viti vyao, na yeye akaanza. Hakusema chochote cha kazi. Alisimulia mbuzi aliyekula kofia ya meja, mpishi wa kambi aliyechumbia wanawake wawili wenye jina moja, barua alizowaandikia wenzake wasiojua kuandika. Mama yake alicheka mpaka akashika ubavu. "Asante Mungu," alisema akijipangusa macho kwa kitenge. "Nilisema jeshi itamufunga kinywa. Haikumufunga."

Lakini likizo moja, baada ya miaka kadhaa, nilikuwepo alipoishiwa maneno. Alikuwa katikati ya hadithi, mkono umeinuka, majirani wameinama mbele. Pikipiki ikapita nje na kupunguza mwendo. Akageuka kuutazama mlango. Pikipiki ikaenda zake, naye akabaki anautazama mlango.

"Alors?" mama yake akauliza. "Halafu ule mwanamuke akafanya nini?"

Akamgeukia. "Nimesahau, mama."

Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya hadithi. Mama yake hakucheka. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama sahani yangu.

Safari ya mwisho ilikuwa mbele ya Banalia, ng'ambo ya mto Aruwimi, kuelekea mashariki ambako vijiji vinakuwa vichache na msitu unajifunga. Tulikuwa watu wanne: mimi, yeye, na askari wawili vijana kidogo kuliko sisi. Watu wenye silaha walikuwa wanatumia kivuko cha mto mdogo, na wakubwa walitaka kujua ni wangapi na wanapitisha nini. Tulijilaza kwenye kichaka kilichokuwa juu ya kivuko. Kutoka pale tuliwasikia wakigombania chumvi.

Homa ilimwanza siku ya pili. Malaria sote tulikuwa tunaijua, na dawa tulikuwa nazo. Alimeza, akatapika. Akameza tena, akatapika tena. Jioni meno yake yalikuwa yanagongana kiasi kwamba nilisikia nikiwa mbali naye kwa urefu wa mtu. Alitoa kile kitambaa cha kijani mfukoni, akakikunja vizuri, akakiweka kati ya meno. Kelele ikakatika.

Asubuhi macho yake yalikuwa ya njano na hakunitambua kwa muda. Nilirudi nyuma na redio mpaka mahali pa usalama, nikawaita wakubwa. Jibu lilikuwa nibaki palepale nimalize kazi, wengine watakuja kutupokea. Niliuliza lini. Waliniambia nibaki palepale. Nikazima redio. Niliporudi kichakani niliwaonyesha wale vijana wawili kwa mkono: tunaondoka, tunambeba.

Tulikata fito mbali na kivuko, tukafunga hema la mvua katikati, tukatengeneza kipoyi. Alikuwa mtu mnene wa mabega, na njia haikuwepo. Kulikuwa na mizizi na vijito na matope. Wale vijana walibeba bila kulalamika, mimi nikibadilishana nao. Tulipovuka mto wa pili nilijua tumekuwa mbali, hakuna sikio la adui linaloweza kutufikia. Niliwaambia wateremshe kipoyi. Nikapiga magoti karibu naye, nikasema kwa sauti yangu kamili, ya kwanza tangu tuingie msituni:

"Ndeko, tumetoka. Hakuna mutu hapa. Toa kitambaa. Lia, piga kelele, tukana mama ya kapiteni. Sema."

Aliniangalia. Nafikiri wakati ule alinijua. Nilishika ncha ya kitambaa nikavuta, lakini taya zilikuwa zimekaza, hazikuachia. Akainua mkono wake kidogo kutoka kwenye hema, akageuza kiganja chini. Ngoja kwanza.

Tulingoja. Nilimlowesha midomo kwa maji. Kisha tukambeba tena.

Alikufa mchana, tukiwa tumeanza kuona mashamba ya kijiji. Aliyekuwa amebeba mbele ndiye aliyehisi kwanza, alisema tu, "Luteni, amekuwa muzito." Tukamteremsha kando ya mihogo. Kitambaa kilitoka chenyewe.

Kutoka pale mpaka barabara inayopita gari kulikuwa na mwendo mrefu, na joto lile halikuturuhusu kumbeba zaidi. Chifu wa kijiji alikuwa mtu mzima mwenye huruma. Hakutuuliza tunatoka wapi. Alitupa nafasi nyuma ya kanisa lao dogo, sakafu ya saruji na kuta za udongo, na wanaume wake wakatusaidia kuchimba. Katekista alisoma, wanawake waliimba. Tulimzika ndani ya hema lilelile la mvua, tukaweka msalaba wa mti mgumu. Nilitazama huku na huku kama nilivyofundishwa: kijito upande wa kushoto, mwinuko wenye mawe meusi, mti wa mboyo uliogawanyika. Nilikuwa nimetazama mahali pengi hivyo ili watu wengine wapajue. Pale nilipatazama kwa ajili ya mama yake.

Nilienda Mangobo mwenyewe. Tayari alikuwa amepelekewa habari na watu wa kambi, lakini nilivaa sare, nikapiga hodi. Uani kulikuwa kumejaa wanawake waliokaa chini. Walinipisha. Mama aliketi kwenye mkeka akiwa amevuliwa viatu na kusukwa nywele kwa njia ya msiba. Nikapiga magoti.

"Papa," alisema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, kwa heshima, kama mama zetu wanavyowaita wanaume wa umri wa watoto wao. "Ulikuwa pembeni yake?"

"Nilikuwa pembeni yake, mama."

"Alisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani, na hilo sikuliandaa. "Mama, hakusema kitu."

"Mutoto yangu?" Alitazama wanawake wengine kama mtu anayeomba mashahidi. "Ule mutoto? Alikufa bila kusema? Hapana, papa. Labda haukusikia muzuri."

"Homa ilikuwa kali, mama. Alifanya hivi tu." Nikainua mkono, nikageuza kiganja chini.

"Ni nini, hiyo?"

"Ni kusema ngoja."

Mwanamke mmoja nyuma yake alianza kulia kwa sauti, wengine wakafuata, na yeye akawainulia mkono wanyamaze ili aniulize vizuri. "Ningoje nini?"

Mpaka leo sijui. Nilimwambia sijui.

Kazini hawakunifungulia kesi. Taarifa niliyoleta kutoka kivukoni ilitosha, na wale vijana wawili walinitetea. Lakini nilikuwa natarajiwa kuwa kapiteni mwaka ule, na majina yaliposomwa langu halikuwemo, wala mwaka uliofuata. Nikaondolewa kwenye upelelezi. Nilipewa depo ya vifaa hapa Kisangani: mahema, mabuti, masufuria, mifuko ya simenti. Vijana waliokuwa wakija kuchukua mabuti waliniangalia miguuni na mikononi, kwa sababu walikuwa wamesikia mimi ni nani zamani, na waliona mzee mwenye kalamu sikioni. Goti langu la kulia lilianza kukataa ngazi. Mwishowe niliomba kuondoka, wakanikubalia upesi kuliko nilivyopenda. Baba alikuwa bado yu hai. Alinirudisha kwenye kamba zake bila neno, lakini goti halikufaa kwa ile miti inayoteleza, nikabaki nikiokota samaki kwenye vikapu pamoja na wanawake na wazee.

Jumapili, baada ya ibada, nilichukua pikipiki mpaka Mangobo kumtembelea mama wa mwenzangu. Mke wangu ndiye aliyenihimiza mwanzoni. Baadaye sikuhitaji kuhimizwa. Mama alinipikia, nikala, na akaniuliza. Kila Jumapili alikuwa na swali. Alivaa soksi gani? Alikuwa anasali? Pale msituni kuna ndege gani? Wakati wa kumuzika, kichwa chake mulielekeza wapi? Nilimjibu kila kitu nilichokijua. Mimi, ambaye wajomba zangu walidhani sina ulimi, niliongea kwenye ule ua kuliko mahali popote maishani mwangu. Nilimweleza jinsi mwanawe alivyokuwa akinitania kwa vidole, na yule chura juu ya kofia, na ndizi za sokoni. Alicheka kidogo, kisha akauliza lingine.

Na kila mara, mwishoni, aliuliza lile moja. "Papa, utanipeleka siku gani?"

"Njia haijafunguka, mama."

"Lakini weye si ndiye unajuaka njia?"

Ilichukua miaka mpaka kukatulia kule. Wasafiri wa Banalia walianza kusema pikipiki zinafika mbele zaidi, watu wamerudi vijijini. Nikamwambia mama ajiandae. Asubuhi nilipomfuata alikuwa amevaa kitenge kipya na kubeba kikapu cha kwanga na samaki wa moshi, cha kutosha kulisha kikosi. Nilitaka kumwambia samaki wale wananuka mbali. Nikanyamaza, nikampandisha kwenye pikipiki na kikapu chake. Alikaa kati yangu na dereva, akanishika kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine, akasali kwa sauti njia nzima mpaka Banalia. Tulivuka Aruwimi, tukalala kwa jamaa wa kanisa lao, na kesho yake tukaendelea mpaka pikipiki iliposhindwa. Kutoka hapo tulitembea.

Nilikuwa nimeipita nchi ile nikiinama. Sasa niliipita nimesimama, na mwanamke mzee nyuma yangu akiuliza jina la kila mti. Alichoka, tukapumzika. Akavua viatu, akatembea peku, akasema hivyo ni vizuri zaidi.

Kijiji hakikuwepo. Walikuwa wamekihamishia karibu na njia kubwa wakati wa kukimbia, na chifu yule alikuwa ameshafariki. Mahali pa nyumba palikuwa majani tu. Nilimwacha mama kivulini, nikaanza kuzunguka, kijito kwanza, kisha mwinuko wa mawe meusi. Mti wa mboyo ulikuwa umeanguka. Nilirudi kwenye kijito, nikaanza upya, polepole, nikitafuta kwa miguu zaidi ya macho, na ndipo unyayo wangu ukagonga kitu kigumu chini ya udongo. Ilikuwa sakafu ya kanisa.

Nyuma ya sakafu kulikuwa na shamba la karanga, limelimwa vizuri, majani yamefunga mistari. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anapalilia. Aliposikia hatua alishtuka, akasimama na jembe. Nilimweleza tunatafuta kaburi la askari. Akaweka mkono mdomoni.

"Ule musoda?" akasema. "Bazee walituambiaka iko mutu hapa. Musalaba ilikulwa na mchwa. Mimi sikuwa najua ni wapi kabisa, papa. Unisamehe. Ningejua singelima."

Nilipima kutoka kona ya sakafu kwa hatua zangu, nikasimama kati ya mistari ya karanga. Ni hapa. Nikamwita mama.

Alikuja, akakaa chini palepale, miguu imenyooka mbele kama anayepumzika sokoni, na akaanza kumsemesha. Sikukaa karibu, lakini sauti yake ilinifikia. Alimwambia nani amekufa Mangobo na nani amejenga. Alimwambia dada yake wa Yangambi amezaa mapacha. Alimwita kwa jina la utotoni, akamlaumu kwa kwenda jeshini, akamlaumu kwa baiskeli aliyoiacha ikapata kutu, kisha akaiacha lawama akasimulia habari ya mchungaji mpya. Jua lilihama. Mwenye shamba alikaa karibu yangu na jembe lake mapajani, analia bila kujificha, yeye ambaye hakumjua.

Mama alipomaliza aliinuka kwa kunishika bega. Mwenye shamba akasema ataacha sehemu ile, hatalima tena.

"Lima," mama akamwambia. "Lima, mama. Lakini jembe isiende chini sana."

Wakagawana samaki wa moshi na kwanga. Yule mwanamke alituchimbia karanga mbichi, akatufungia kwenye majani, na tukaanza kurudi kabla jua halijashuka.

Nilidhani mambo yataendelea kama zamani. Jumapili iliyofuata nilienda Mangobo, akanipikia, nikala. Aliuliza habari za goti langu, za mke wangu, za bei ya nauli. Nilingoja. Hakuuliza kingine. Alikuwa mpole na mwenye amani, na alisinzia kwenye kiti nikiwa bado nipo. Jumapili nyingine ilikuwa hivyo hivyo. Nilijaribu mwenyewe kuanza hadithi ya soko la kijiji na zile ndizi. Akatikisa kichwa kwa upole kama mtu anayesikia jambo lililokwisha. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka kwetu, goti likiniuma, na sikuweza kumweleza mke wangu ni kwa nini nina huzuni kuliko siku tuliyomzika.

Muda si mrefu binti yake alimwita Yangambi akamsaidie kulea wale mapacha. Nilimsindikiza mpaka bandarini, nikambebea mizigo yake na kuiweka vizuri ndani ya mashua ya mota, chini ya turubai, mbali na mafuta. Alikuwa ameshakaa kati ya wanawake wengine na ameshaanza kuzungumza nao kuhusu wajukuu. Alinikumbuka, akageuka.

"Papa, urudi nyumbani. Mvua inakuja."

"Ndiyo, mama. Safari njema."

Mota ikawaka. Nilisimama kwenye ngazi za bandari mpaka mashua ikapita kona ya mto, na mvua ikaanza kweli, kubwa, na wachukuzi wakakimbilia kwenye vibanda wakicheka. Sikujua niende wapi. Jumapili ilikuwa kesho.